Kidato cha nne kinaisha Novemba, kidato cha tano ni Julai: tumlindeje kijana na bangi na pombe hapo katikati?

MamaWatatu_Segerea

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa vitendo, hasa kutoka kwa wenye taaluma.

Kijana ana miaka 17, yupo kidato cha nne shule ya kutwa hapa Dar. Kwenye begi lake kuna pakiti ya rizla (karatasi za kusokotea) iliyokwisha nusu na kiberiti cha gesi. Hajui kwamba tumeviona. Darasani hajashuka sana, ila wikiendi anachelewa kurudi na akifika anapitiliza chumbani. Mtihani wa taifa ni Novemba, matokeo mwishoni mwa Januari, kidato cha tano mpaka Julai. Mimi na baba yake tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kurudi ni saa moja jioni.

Tumwanzeje bila kumfanya ajifiche zaidi? Vipimo vya mkojo vya famasi vinaaminika? Miezi yote hiyo ya kusubiri tuipangeje? Na nyumbani kuna mvutano: baba anasema fimbo, wifi yangu anasema apelekwe soba, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha. Mdogo wake yuko kidato cha pili na wanalala chumba kimoja, kwa hiyo lolote tutakalofanya litawagusa wote wawili.

Mnasihi_Ilala

Pole dada, na mmefanya vema kutomvamia.

Nianze na hicho mlichokuta. Rizla na kiberiti vinaonyesha kuna kitu kinasokotwa, na kwa vijana wa mjini kitu hicho mara nyingi ni bangi, maana sigara za kununua moja moja zipo kila kibanda na hazihitaji karatasi. Lakini pakiti haisemi anavuta mara ngapi, wala kama ni yake au anamtunzia mwenzake. Hayo mtayapata kwa kuongea naye, si kwa kuendelea kupekua.

Kabla ya kumwita, kaeni nyinyi wazazi wawili mkubaliane nani ataongea, sheria za nyumba zitakuwa zipi, na akizivunja itakuwaje. Mkimwendea mmoja ameshika fimbo na mwingine analia, atajua pa kuegemea na mazungumzo yamekwisha hapo. Yasizidi dakika 20. Chagueni wakati mkitembea, mkiwa kwenye gari au mkifanya kazi ya mikono pamoja, kwa sababu kijana huongea zaidi akiwa hatazamwi usoni. Msimkalishe sebuleni mbele ya wadogo zake. Na akirudi usiku macho mekundu, mpeni chakula alale, muongee kesho. Akiwa amelewa hamtaelewana, mtaishia kugombana tu.

Sentensi ya kwanza iwe fupi na ya kweli: "Nimeona rizla kwenye begi lako. Sijaja kukupiga wala kukutangaza kwa watu. Nataka uniambie zinafanya kazi gani." Kisha nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: ukimya ukifika nusu dakika wanaujaza kwa hotuba, kijana anainamisha kichwa, anasema "nimekuelewa mama", na hakuna alichosema. Msianze pia na "nani kakufundisha?" Atafunga mdomo kuwalinda rafiki zake, na mtakuwa mmehama kutoka kwake kwenda kwa watoto wa watu.

Maswali yenye faida ni haya: mara ya mwisho ilikuwa lini, kwa wiki ni mara ngapi, hela inatoka wapi, ni pamoja na wenzako au peke yako, umewahi kuvuta asubuhi kabla ya shule, usipovuta unapata usingizi? Majibu ndiyo yatakayowaonyesha pa kwenda. Amejaribu mara moja au mbili na wenzake: hilo linashughulikiwa nyumbani, kwa sheria na ukaribu. Kila wikiendi: ongezeni mnasihi au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndani ya wiki moja, msisubiri mtihani upite. Anavuta peke yake, asubuhi, au ili alale: nendeni kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, ipi iko karibu. Akianza kusikia sauti, kuhisi anafuatwa, au kucheka na kuongea peke yake, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili, mwambieni kijana waziwazi, maana kwake hatari ya bangi ni kubwa kuliko kwa anayevuta naye. Ubongo, hasa sehemu ya mbele inayopima madhara kabla ya kutenda, unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kila mwaka anaochelewa kuanza ni faida.

Kuhusu fimbo, mwambie shemeji hivi: kijana wa miaka 17 akipigwa kwa sababu ya harufu, anatafuta kisichonuka. Kuna biskuti za bangi, kuna vidonge, kuna kuberi, tumbaku ya kuweka chini ya mdomo. Umemtoa kwenye kitu unachoweza kukinusa ukamsogeza kwenye usichokiona.

Sheria ziwe chache, tatu au nne, na adhabu iwe ndogo, ya uhakika, inayotekelezeka siku hiyo hiyo: simu inakaa kwa mzazi saa 24, wikiendi inayofuata hatoki. "Nitakufukuza nyumbani" usilitamke, kwa sababu hutalifanya, naye anajua. Na siku akisema ukweli mgumu, adhabu ipungue. Asipoona tofauti kati ya kukiri na kukamatwa, kwa nini akiri?

Mfamasia_wa_Zamu

Naingia kwenye vipimo vya mkojo, maana vinanunuliwa sana na vinasomwa vibaya.

Kwanza, mstari. Kipimo cha malaria au cha mimba, mistari miwili maana yake kipo. Vipimo vingi vya dawa za kulevya ni kinyume: mistari miwili maana yake hakuna, mstari mmoja tu penye C (wa kuhakiki kipimo) maana yake kipo. Na mstari wa T (wa dawa inayopimwa) ukiwa hafifu sana bado unahesabika kuwa upo, yaani majibu ni hakuna. Pasipo mstari wa C, kipimo kimeharibika, tupa. Soma dakika ya tano au kama karatasi yake inavyoelekeza. Ukikirudia baada ya nusu saa, mistari inaweza kukudanganya.

Pili, kinachopimwa. Kipimo cha kawaida cha bangi kimewekwa kwenye nanogramu 50 kwa mililita. Aliyevuta mara moja huonekana kwa siku moja hadi tatu hivi. Anayevuta kila siku anaweza kuonekana wiki tatu nne baada ya kuacha, kwa sababu kemikali ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mzazi akimpima kijana wiki ya pili, akakuta bado, akamwita mwongo, anaweza kuwa amemvunja moyo mtoto aliyeacha kweli.

Tatu, kisichopimwa. Vibao vya kawaida havioni gundi wala petroli ya kunusa. Tramadoli, dawa ya maumivu, haionekani kwenye kipimo cha jamii ya afyuni, ina kipimo chake. Bangi za kutengenezwa maabara nazo hupita bila kuonekana. Kwa upande mwingine, dawa ya kikohozi yenye kodeini huleta majibu ya afyuni, na efavirenz, dawa ya VVU, imewahi kuleta majibu ya bangi ya uongo kwenye baadhi ya vipimo. Kwa hiyo majibu ya famasi hayatoshi kumhukumu mtu, yanathibitishwa maabara.

Maoni yangu: msimpime kwa kumvizia. Kipimo kina faida kikiwa sehemu ya makubaliano, tena kijana mwenyewe akiwa anakitaka ili aweze kuwaambia wenzake "nyumbani wananipima". Hicho ni kisingizio kizuri sana cha kukataa.

Sasa pombe, ambayo kwenye swali imetajwa kidogo kuliko inavyostahili. Viroba vilipigwa marufuku Tanzania tangu Machi 1, 2017, lakini pombe kali ilihamia kwenye vichupa. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi asilimia 35 kina gramu 55 za kilevi. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu 20. Yaani kichupa kinachoingia kwenye mfuko wa suruali ni karibu bia tatu, na vijana hukinywa kwa dakika chache kwa kushindana, au wanachanganya na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vinawaficha wasione walivyolewa. Mwili unaondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, maziwa, maji ya baridi kichwani, hakuna kinachoharakisha. Aliyekimaliza saa nne usiku anaweza kuwa bado na kilevi mwilini saa kumi alfajiri.

Biskuti za bangi zina mtego wake. Ya kuvuta inapanda ndani ya dakika chache. Ya kula inachukua nusu saa mpaka saa mbili. Kijana anakula moja, haoni kitu, anaongeza ya pili, kisha zote zinapanda pamoja na kumkaa saa sita, nane au zaidi.

Mkimkuta amezimia: mwiteni kwa sauti na mfinyeni bega. Asipoitika, mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa, uso umeinama kidogo ili matapishi yatoke nje. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Asipoamka, au pumzi zikiwa chini ya nane, au zinakuja kwa kukatika, au midomo inageuka bluu, hospitali sasa hivi, na mbebe pakiti au chupa mliyoikuta pale. Msimtapishe. Msimnyweshe chochote. Msimwache alale chali "pombe iishe", maana hapo ndipo watu hupaliwa na matapishi yao.

Jambo la mwisho linachukua dakika kumi leo jioni: kusanyeni dawa zote za nyumbani. Tramadoli iliyobaki baada ya upasuaji, diazepam ya bibi, dawa za kikohozi zenye kodeini. Zinazohitajika zihesabiwe, idadi iandikwe, zifungiwe na kufuli. Zisizohitajika zirudisheni famasi muulize namna ya kuziteketeza.

Kamanda_Mbagala

Mnazunguka sana. Mpelekeni soba miezi sita, atarudi mtu mwingine. Bangi ndiyo mlango, unga (heroini) unafuata.

Mhudumu_Waraibu

Kamanda, nia yako ni njema, ila hapo napinga kwa nguvu zote.

Soba ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye dawa imemtawala, hasa unga, na ambaye amekubali kuacha. Ukimweka humo mtoto wa miaka 17 aliyevuta bangi mara tano, unamlaza miezi sita na watu wazima wanaojua kila kijiwe na kila njia ya kupata mzigo. Anajifunza majina, anajifunza bei, na anatoka na jina la uteja ambalo mtaa hautalisahau. Juu ya hapo amekosa shule. Wengi wanaovuta bangi hawafiki kwenye unga. Kinachoongeza hatari ni kuanza mapema, kutumia mara nyingi, na kuwa karibu na wanaouza vyote viwili.

Huo ukaribu ndio wa kuangalia, kwa sababu ya kokteli: msokoto wa bangi uliochanganywa na unga. Kijana anaweza kupewa akidhani ni bangi tupu. Tofauti inaonekana. Bangi tupu: macho mekundu, kinywa kikavu, njaa, kucheka, kusahau alichokuwa anasema. Kukiwa na unga: mboni za macho zinakuwa ndogo sana hata kwenye mwanga hafifu, anajikuna pua na shingo, anatapika, anasinzia akiwa amekaa huku kichwa kinadondoka na kuinuka. Halafu inakuja arosto, yaani mwili kudai dawa, saa nane hadi kumi na mbili au zaidi baada ya kuvuta, kwa aliyetumia siku nyingi mfululizo: miayo mfululizo, machozi na kamasi bila mafua, vipele vya baridi, viungo kuuma, kuhara, kukosa usingizi. Wazazi wengi hudhani ni malaria. Ikijirudia kila anapokaa nyumbani siku mbili, na inapona akitoka nusu saa, msingoje.

Kwa hali hiyo kuna tiba ya methadone. Ilianza Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala, Temeke na mikoani. Dawa ni ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu, na haitozwi. Ni ya uraibu wa unga na jamii yake tu. Haitibu bangi wala pombe, kwa hiyo asiwadanganye mtu.

Kama ipo siku kweli soba inahitajika, pigeni 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, simu ni bure, mwulize kama nyumba hiyo inatambuliwa. Nendeni mkaione kabla ya kulipa. Ulizeni nani ni daktari wao, wanawalaza wapi walio chini ya miaka 18, mzazi anaruhusiwa kumwona mtoto lini. Wakisema hakuna kumwona miezi mitatu, au mkiona minyororo, geuzeni.

Na nyumbani msiishi na hiyo bangi mkisema mtaitupa kesho. Hata msokoto mmoja ni kosa kisheria. Itupeni chooni siku hiyo hiyo, mbele yake.

Mwl_Malezi

Mengi yameshasemwa. Mimi nashughulika na kalenda, maana kwa maoni yangu hilo ndilo swali kubwa la uzi huu. Miezi saba hadi nane ya kusubiri kidato cha tano ndiyo kipindi ambacho kijana hana kengele, hana mwalimu, hana sare inayomtambulisha, na kila mtu anamwambia "umemaliza, wewe ni mkubwa sasa".

Kabla ya mtihani: angalieni makesha. Baadhi yao hutafuna mirungi au hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wasome usiku kucha. Asiyelala hakumbuki alichosoma. Mwekeeni saa tano usiku kuwa mwisho wa kusoma, simu ilale sebuleni.

Wiki moja baada ya karatasi ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote. Kuna kuagana, kuna Coco Beach, kuna vigodoro mtaani. Mpango wa wiki hiyo uwe umeshalipiwa Oktoba, kwa sababu Novemba mkianza kuuliza nafasi zimejaa na kijana ameshajipangia ratiba yake. VETA na vyuo vidogo vina kozi fupi: umeme wa majumbani, kompyuta, ushonaji, ufundi simu, mapishi. Mwacheni achague yeye kati ya mbili au tatu mnazozimudu. Kozi aliyochaguliwa na baba ataitoroka wiki ya tatu. Masomo ya kujiandaa na kidato cha tano yaanze baada ya matokeo, akishajua mchepuo. Kuyaanza Desemba ni kumchosha bure.

Sasa nirudi kwenye saa zenu, dada. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni ni saa 13 nyumba iko wazi. Wazazi wengi wanahofia usiku, lakini nyumba isiyo na mtu mzima mchana ndiyo kijiwe bora kuliko vyote: ina kivuli, ina televisheni, haina polisi. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kwamba siku tano za wiki anatoka saa mbili asubuhi na harudi kabla ya saa tisa au kumi alasiri. Sheria ya pili, hakuna rafiki anayeingia ndani pasipo mtu mzima. Waje jioni mkiwepo, na wapikieni. Hii ya kuwapikia naisisitiza, maana mtawajua kwa majina, mtajua wanakokaa, na mtapata namba za wazazi wao. Wazazi watatu wanne wenye kundi moja la simu huua ule uongo wa "nalala kwa kina Fulani" siku moja. Mtafuteni pia jirani mmoja anayeshinda nyumbani, mwambieni waziwazi mnachotaka aangalie.

Kabla hajatoka, ajibu maswali manne: unaenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi, utarudije. Akibadilisha mahali, anapiga. Mzazi naye ajibu hayo hayo akitoka, ndipo yatakapoonekana ni utaratibu wa nyumba wala si polisi.

Hela: hela ya wiki nzima ikitolewa Jumatatu, Ijumaa imekuwa ya mchango wa kijiwe. Toeni nauli na chakula kwa siku. Ada na vifaa mlipe wenyewe moja kwa moja. Laini ya simu ya mtoto wa umri huu mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mzazi. Pitieni miamala naye, mkiwa wawili, mara moja kwa wiki. Miamala midogo midogo ya shilingi elfu moja au mbili kwa namba ile ile inataka maelezo, iwe ni bangi au ni kubeti.

Kumpeleka kijijini: watu wanapenda, na mara nyingi inaharibika. Bibi hawezi kumfuatilia kijana mrefu kuliko yeye, pombe za kienyeji zipo kila nyumba ya tatu, na kuna maeneo bangi inalimwa. Kama kuna mjomba mwenye kazi ya kueleweka, duka, shamba, gereji, na yuko tayari kuamka naye asubuhi, wiki nne hadi sita zinafaa. Miezi minane, hapana.

Na grosari ya jirani: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara. Nendeni wazazi wawili watatu, mchana, kwa heshima, mumwambie mwenye duka "huyu na huyu ni watoto wetu, wako chini ya miaka 18". Asiposikia, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mara nyingi hamtahitaji kufika huko.

BintiKisauni

Kutoka Mombasa naongeza moja. Hukwenu mirungi ni haramu kisheria, lakini huku miraa (ndiyo hiyo mirungi) na muguka, aina yake nyingine, vyauzwa hadharani, na Mei 2024 kaunti ilipotoa amri ya kuzuia muguka mambo yakaishia kortini. Basi mzazi mwenye jamaa wa pwani ya Kenya, mtoto akija likizoni huku msidhani haijui miraa. Dalili zake si za bangi: halali, hali chakula, maneno mengi, mboni zimepanuka, shavu moja limevimba, mfukoni karanga na jojo (chingamu). Kisha siku ya pili ameanguka, mkali, hataki kuamka. Kwa walio Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192.

MamaWatatu_Segerea

Nawashukuru sana, tumekaa na baba yake tunasoma pamoja. Fimbo ameiweka pembeni, soba tumeiondoa kwenye mazungumzo. Mawili yamebaki. Kuna sherehe baada ya mahafali, darasa lote litakuwepo, na tukimkatalia ataenda kwa kificho. Akiwa huko akapewa chupa, atakataaje bila kuchekwa? Na mdogo wake tumwambie nini?

Mnasihi_Ilala

Aende, lakini mjue ukumbi, mwenye nyumba na saa ya kumaliza, na mzazi mmoja awe wa kumfuata, siyo bodaboda.

Kukataa kunafanyiwa mazoezi, kwa mdomo, nyumbani. Baba awe yule rafiki anayemsukuma: "Onja tu, usijifanye mtoto wa mama." Kijana ajibu kwa sentensi fupi, abadilishe mada, asogee. "Hapana, kesho asubuhi nina kozi." "Nyumbani wananipima." "Nimeshakunywa soda yangu hii." Asianze kueleza madhara ya pombe, ukitoa sababu ndefu unafungua mjadala, na kwenye kundi la watu kumi mjadala utaupoteza. Rudieni mara tatu nne mpaka aache kucheka. Mkononi ashike kinywaji chake mwenyewe wakati wote, chupa aliyoifungua yeye, na akiiweka chini akageuka asiirudie. Mikono mitupu ndiyo inayojaziwa.

Kisha mpeni njia ya kutokea. Kubalianeni ujumbe mmoja wa kawaida, kwa mfano "mama umemeza dawa?" Akiutuma, au akibipu mara mbili, mzazi anapiga simu papo hapo kwa sauti ya ukali: "Uko wapi? Jitayarishe, nakuja kukuchukua sasa hivi!" Mbele ya wenzake ni mama mkali tu, heshima yake haijaguswa. Mnamchukua. Njiani hakuna swali hata moja, hata akinuka pombe. Mazungumzo ni kesho yake mchana, na adhabu ya kunywa, kama ipo, iwe nusu ya ile ya kutopiga simu. Mkivunja ahadi hii mara moja hatatuma tena ule ujumbe, na safari inayofuata atapanda pikipiki na dereva aliyelewa kama yeye. Wekeni nauli ya akiba kwenye simu yake, isiyotumika kwa lingine, kwa siku ambayo nyinyi hamtaweza kufika.

Mdogo wake msimweleze ya kaka yake kwa siri. Wanalala chumba kimoja, anajua kuliko nyinyi. Mwambieni mbele ya kaka yake sheria za nyumba ni zile zile kwa wote, na kwamba hatumwi kuwa mpelelezi. Akiona mwenzake amelala haamki au anapumua vibaya, huko si kusengenya, aje kuwaamsha hata saa tisa usiku. Mfundisheni ile namna ya kumlaza mtu ubavu aliyoieleza Mfamasia hapo juu. Kidato cha pili anaiweza. Afanye mazoezi kwa baba yake jioni ya leo.